Mtungi Usio na Ndugu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Tumeondoka! Saa tatu asubuhi, Chumbageni nzima ikitazama. Mimi kwenye usukani, mke wangu Mwatumu pembeni, na nyuma yetu nyumba kamili: kitanda, kabati, sinki, jiko la gesi la mafiga mawili. Gari-nyumba! Waholanzi wawili walikuja nalo kutoka kwao mpaka Tanga, wakachoka, wakapanda ndege. Mimi nikalipata kwa kubadilishana na dalali waliyemwachia. Nilitoa pikipiki yangu, jenereta, na friza ya Mwatumu, ile aliyokuwa akigandishia barafu za ubuyu za kuuza. Sikumwambia mapema. Nilitaka afurahi kwa ghafla. Ghafla ilikuwepo.

Kwa hiyo kuna sharti, na limewekwa mbele ya mashahidi. Ijumaa tutakuwa Kigombe kwa mama yake, jina lake Bi Harusi. Nimpikie chakula cha mchana ndani ya gari. Akila bila kulalamika, gari ni letu. Akilalamika hata kidogo, gari linakwenda kwa Himyar wa nyumba ya mkabala, naye atampa Mwatumu friza mpya aliyonayo dukani. Himyar anauza machungwa. Anataka kung'oa kitanda na jiko apakie machungwa. Kitanda changu!

Himyar ni wa ukoo wa Kiomani wenye mashamba, mpole kupita kiasi, na upole wake unaniudhi tangu tukiwa madrasa. Leo asubuhi kaja na mtungi wa gesi begani. Akasema mtungi wa Waholanzi hautapata wa kubadilishana nao huku kwetu, kwa hiyo nichukue wake wa akiba, bure, nirudishe nikitaka. Nikamwambia kwa sauti, baraza zote zisikie, kwamba gari hili limekamilika na sitaongeza hata msumari. Mwatumu akasema hiyo ya msumari ameisikia na ataikumbuka.

Tukapitia Muheza. Njia ya Kigombe haipiti Muheza, najua. Nilitaka watu wa Muheza walione gari.

Jioni, tumeegesha karibu na stendi, nikateleka chai. Moto ukaanza vizuri, ukawa mdogo, ukazimika. Nikautikisa mtungi. Nikaulaza ubavu. Nikaumwagia maji ya moto niliyoyaomba kwa mama ntilie, kwa sababu ya kwangu ndiyo yaliyokuwa hayajachemka. Hakuna kitu. Mwatumu akaenda kunywa chai kwa yule yule mama ntilie. Aliporudi alikuwa na kitumbua mkononi na hakunikatia.

Jumanne, 15 Julai

Muheza. Asubuhi nikaubeba mtungi mpaka duka la gesi la dada mmoja anaitwa Consolata. Sasa, utaratibu wetu kila mtoto anaujua: mtungi haujazwi, unabadilishwa. Unatoa mtupu, unapewa uliojaa, wa kampuni ile ile, rangi ile ile. Mtungi kwa mtungi. Wangu ni wa kijivu, mrefu mwembamba, una maandishi ya Kiholanzi, na mdomo wake unafungwa kwa upande ambao kwetu ndiyo wa kufungulia. Consolata akauzunguka mara mbili. Akasema kwa huruma kwamba mtungi huu hauna ndugu. Akanishauri ninunue mpya wa hapa, wa kijani, uliojaa, yaishe.

Ushauri mzuri. Mtu yeyote mwenye akili angeufuata. Lakini kununua mtungi ni kumwambia Himyar kwamba alisema kweli, na msumari niliutaja mimi mwenyewe.

Nikarudi garini na nikakuta, chini ya kiti, kopo la rangi walilosahau Waholanzi. Kijani! Nikasema alhamdulillahi, riziki haina mwenyewe. Nikaanza kuupaka mtungi kutoka chini kwenda juu. Rangi ikaisha kiunoni. Kuanzia kiunoni kwenda juu, kijivu na Kiholanzi kama kawaida. Nikaufunga kanga ya Mwatumu sehemu ya juu, nikavaa kanzu nyeupe ili niheshimiwe, nikaukumbatia, nikarudi dukani.

Consolata akanisalimu kama hatujaonana. Akauliza mtungi unaumwa nini mpaka ukafungwa nguo. Nikasema ni jua. Akaivua kanga pole pole, na wateja wanne wakaacha walichokuwa wakifanya ili watazame. Akasema hii ndiyo mara yake ya kwanza kuona mtungi uliovaa suruali.

Rangi, kumbe, ilikuwa haijakauka. Kanzu yangu ina mstari wa kijani kutoka tumboni mpaka gotini. Kanga nayo imepata. Mwatumu akaitazama kanga, akanitazama mimi, akasema kwamba alidhani baada ya friza sina tena cha kumharibia, kumbe alinidharau.

Jumatano, 16 Julai

Aibu ya leo sikuitafuta, ni ya barabara. Kutoka Muheza kwenda Kigombe, kwa njia ninayoiamini kwa gari hili, lazima urudi Tanga mjini ndipo ushike ya Pangani. Na ukirudi Tanga, kwa sababu Mwatumu alisahau miwani yake, unapita Chumbageni. Kwa hiyo siku ya tatu ya safari yetu kubwa tumesimama mbele ya mlango wetu wenyewe.

Himyar alikuwa barazani na kahawa. Akauliza kama tumerudi. Nikasema tunapita tu. Akaitazama kanzu iliyoanikwa dirishani, akasema safari njema, akauliza tena kuhusu ule mtungi wake wa akiba, upo tu pale. Nikamwangalia Mwatumu akikubali kikombe cha kahawa, tena cha pili.

Njiani nikasimama kwa fundi Zebedayo, mwenye gereji barabara ya Pangani. Mpango mpya: ahamishe gesi kwa mpira kutoka mtungi wa mtu mwingine kuingia wangu. Zebedayo alinisikiliza huku akirudi nyuma hatua moja kwa kila sentensi. Nilipomaliza alikuwa upande wa pili wa barabara. Akasema kutokea huko kwamba yeye ana watoto, na je, mimi nimeshaandika wasia? Basi, mpango huo umekufa, na nashukuru umekufa peke yake.

Lakini alinifanyia jambo moja. Kwenye mpira wa jiko langu alifunga kile kichwa cha kushikia mitungi ya hapa. Malipo nilimpa vipande ishirini vya sabuni yangu ya mwani, iliyobaki kwenye biashara yangu ya mwaka juzi. Ile isiyotoa povu. Bado hajui. Nahesabu hivi: kichwa hakikununuliwa, kwa hiyo msumari wangu bado uko salama. Sasa jiko linakubali mtungi wa kwetu. Kilichobaki ni mtungi wa kwetu.

Tumefika Kigombe alasiri. Shikamoo nyingi. Bi Harusi akalizunguka gari, akagonga ubavu wake kwa kidole, akauliza kama mle ndani mtu anapika au anafukiziwa. Akasema Ijumaa tutaona. Ana miaka sabini na mbili na sijawahi kumwona akimeza kitu bila kukisemea.

Halafu nikaingia sebuleni kwake kunawa uso. Na pale pembeni, kati ya kabati la vyombo na kiti cha wageni, ulisimama mtungi wa gesi. Wa kijani! Umevalishwa kitambaa cheupe cha kufuma, kimeshuka mpaka kiunoni, na juu yake chupa ya maua ya plastiki. Mwatumu akanikumbusha: binti yetu Najat alimletea bibi yake mtungi na jiko lake Idi ya mwaka juzi. Bibi hajawahi kuwasha. Anasema wali wa gesi hauna ladha, haupaliwi makaa juu, na yeye anao mkaa. Mtungi uliojaa! Miaka miwili unavaa nguo na kubeba maua.

Alhamisi, 17 Julai

Nimefanya jambo. Naliandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo.

Saa nne Mwatumu na mama yake walikwenda kumpa pole jirani aliyefiwa. Nilibaki peke yangu na mitungi miwili. Nikakaa kitako mbele ya ule wangu, nikautazama. Kijani mpaka kiunoni, kijivu juu. Nikautazama wa mama mkwe. Kitambaa mpaka kiunoni, kijani chini. Jamani! Ile rangi haikuisha bure kule Muheza. Ilijua inapokwenda.

Nikaondoa maua. Nikavua kitambaa. Mtungi wa mama mkwe nikaupeleka garini, wa kwangu nikausimamisha pale pale, nikauvalisha, nikarudisha maua. Uko mrefu zaidi, maua sasa yanakaribia picha ya Makka ukutani, lakini nikasogeza kiti cha wageni mbele yake na mto juu ya kiti. Ukisimama mlangoni na usipokuwa na nia mbaya, huoni kitu.

Nilijiona mwizi. Kwa dakika nne hivi. Kisha nikajieleza kwamba sikuiba, nimebadilisha. Mtungi kwa mtungi, ndiyo sheria yenyewe ya gesi, hata Consolata anaijua. Tena mtu anayesema gesi haina ladha nimemwibia nini?

Nikafunga kichwa cha Zebedayo. Nikawasha. Moto wa buluu, mkali, duara zima! Machozi yalinitoka. Nalipenda gari hili. Nimeshindwa na sabuni, nimeshindwa na kuku wa kizungu, nimeshindwa na mashine ya miwa iliyomkamua mtu kidole. Mara moja tu nataka kitu changu kiwake mbele ya watu.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika nikiwa Chumbageni.

Tuanze na sehemu nzuri, maana ilikuwepo. Niliamka alfajiri, nikaenda kupokea samaki, changu wawili wabichi. Nikakuna nazi mwenyewe. Kabla ya sala nikaukaza mchuzi, na tuliporudi msikitini nikainjika wali wa nazi kwenye moto mdogo, sufuria nikaifunika kwa kifuniko kizito na jiwe. Bi Harusi alisema wali wa gesi haupaliwi makaa juu, kwa hiyo haupati ukoko. Nikausubiri. Sikufunua mara hata moja, mimi ambaye nafunua kila kitu.

Na Himyar akatokea! Na pikapu yake, eti alikuwa akipita kwenda Pangani. Nyuma ya pikapu, chini ya turubai, kitu cha mraba, kirefu, cheupe pembeni. Friza! Alikuja nayo kabisa, kama mtu anayekuja kuzika na sanda yake. Akakaribishwa kula. Kwa upole wake akakubali.

Bi Harusi akala. Tonge la kwanza, kimya. La pili, kimya. Akaomba mchuzi zaidi. Akaomba ukoko! Nikambandulia ukoko wa rangi ya asali, mzima kama sahani, akautafuna huku macho ameyafumba. Mwatumu alikuwa akinitazama na nikaona anataka kucheka kwa furaha na anajizuia. Himyar alikuwa ameacha kula. Sahani ya mama mkwe ikaisha. Akanawa. Hakulalamika! Akasema, na namnukuu kwa sababu sitasikia tena: "Mwanangu Miraji, umenipikia."

Ningeishia hapo. Mtu mwingine yeyote hadithi yake ingeishia hapo.

Lakini Bi Harusi ni mtu wa pwani na mila yake haijachuja. Chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Ukiletewa sahani ya chakula unairudisha na kitu ndani yake, iwe maandazi, iwe ndimu mbili. Akasema mkwe kamlisha kwa mkono wake, tena kwa gesi, na yeye hawezi kumwacha aondoke hivi hivi. Miaka miwili alikuwa akiutunza ule mtungi wa Najat mpaka aje mgeni wa kustahili. Leo kaja. Leo atauwasha, amchemshie mkwewe chai ya maziwa yenye hiliki na tangawizi.

Nikasema sina kiu. Nikasema joto. Nikasema daktari kanikataza hiliki, uongo ambao sijui ulitoka wapi. Nikasema chai ya mkaa ndiyo chai. Bi Harusi akafurahi zaidi, akaniita mnyenyekevu, akamwambia Himyar amsogezee mtungi kwenye jiko, maana mkwe amesimama tangu alfajiri na asipate taabu.

Himyar akainama kuunyanyua kwa nguvu zote, kama mtu anavyonyanyua mtungi uliojaa. Mtupu ukapaa naye. Nusura aangukie kabati. Maua yakaenda upande, kitambaa kikateleza, na pale katikati ya sebule ukasimama mtungi mrefu wa kijivu, umevaa suruali ya kijani.

Nje kuku alilia. Mwatumu akautazama mtungi, kisha akatazama dirishani, garini, ilipokuwa ikining'inia kanzu yangu yenye mstari. Hakuhitaji kuulizwa wala kuelezwa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa hatua kumi na mbili, kutoka sebuleni mpaka garini. Himyar, kwa upole, akakiokota kitambaa na kukikunja.

Bi Harusi akauliza gesi yake iko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole.

Akatoka, akapanda ngazi ya gari taratibu, tukamfuata. Nilitegemea makelele. Akakaa kwenye kiti changu, akamwambia Mwatumu awashe. Moto ukawaka. Akautazama muda mrefu. Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akasema si kwamba gesi haina ladha. Alikuwa akiogopa. Alisikia ya watu walioungua, na kila alipouinamia mtungi mkono ulikataa, na kusema kwamba anaogopa akaona haya, mtu mzima kama yeye. Ndipo akauvalisha kitambaa. Miaka yote hiyo anapuliza mkaa, macho yanamtoka maji, na gesi iko hatua tatu kutoka kwake. Mwatumu akamshika mkono. Mimi nikaona haya kuliko siku zote za maisha yangu, na nina siku nyingi za kulinganisha.

Kisha Mwatumu akachemsha ile chai, mama yake akainywa. Akasema dirisha ni zuri, upepo unaingia, moshi hakuna. Akatoa hukumu. Miraji kachukua mtungi, kaacha mtungi. Mtungi kwa mtungi, yeye amekubali, habadilishi tena. Na mtungi wake ulipo ndipo jikoni kwake. Kwa hiyo gari linabaki Kigombe.

Nikajaribu kusema kuhusu sharti. Nikasema alikula bila kulalamika. Bi Harusi akasema kweli kabisa, na hata sasa halalamiki.

Himyar akakohoa, akasema basi friza airudishe dukani. Mama mkwe akamuuliza anauza nazi pia au machungwa peke yake. Baada ya vikombe viwili walikuwa wamekubaliana: nazi za shamba la Bi Harusi za msimu mzima, kwa friza. Friza ya Mwatumu. Mwatumu anabaki kwa mama yake mpaka Alhamisi, amfundishe kuwasha na kuzima.

Kila mtu amepata kitu. Bi Harusi jiko, Mwatumu friza, Himyar nazi. Nimerudi Chumbageni nyuma ya pikapu ya Himyar, nimekaa katikati ya friza na mtungi wangu, ambao Bi Harusi hakuutaka sebuleni kwake. Himyar aliniomba nikae mbele. Nilikataa. Baada ya kilomita mbili mvua ikanyesha.

Jumapili, 20 Julai

Siku mbili nimetafakari kwa unyenyekevu. Nimejiuliza kosa langu lilikuwa nini hasa. Nilimdharau Himyar. Nilimdanganya mama mkwe. Nilimfanya Mwatumu aone haya mbele ya jirani. Haya yote nayakubali.

Lakini la msingi nimeliona leo asubuhi, nikiwa nasugua rangi ya kijani kwenye mtungi kwa sabuni ya mwani (haitoi povu, ila rangi inatoa!). Kosa lilikuwa kutafuta mtungi wa kufaa gari. Mtungi ninao! Mtungi ni mzima, imara, wa Ulaya. Nilichokosa ni kitu cha kuufaa mtungi.

Na nimekipata. Kule Pangani kuna mzungu anauza boti. Ina kitanda, sinki, na jiko. Nimempigia simu. Nikamuuliza mtungi wake ukoje. Akasema mrefu, wa kijivu, unafungwa kinyume. Akaongeza kwamba wa kwake umeisha na hapa hapati pa kuujaza. Nikamwambia hata mimi ninao wa namna hiyo, umeisha pia. Miwili! Akasema yuko tayari kubadilishana, hataki fedha, anataka chombo cha kugandishia samaki.

Mwatumu anarudi Alhamisi. Friza iko hapa ukumbini, mpya, inanguruma taratibu. Nimeifungua mara tatu leo. Haina kitu ndani.